Bwawa Lako Lina Umri Gani? Kutunza Sakafu Kuukuu ya Bwawa la Samaki

Leo tunaweka kando mahindi na mpunga, tunashuka bwawani. Sababu ni simu ninazopokea, zote zinafanana: "Bwana shamba, msimu wa kwanza nilivuna vizuri, wa pili ukashuka kidogo, huu wa tatu samaki wanakufa. Chakula ni kilekile, vifaranga nimechukua palepale. Tatizo ni nini?"

Mimi huwa nauliza swali moja tu: mara ya mwisho umekausha bwawa lini? Hapo wengi hunyamaza.

Tunahesabu umri wa samaki, tunahesabu siku za kulisha, lakini sakafu ya bwawa hatuihesabii umri. Na mara nyingi kinachoua msimu wa tatu ni kile kilichobaki chini tangu msimu wa kwanza.

Naanza na kosa langu

Kuna kijana mmoja upande wa Geita, ana bwawa la mita 20 kwa 15, anafuga sato. Mwaka wa tatu akanipigia, akasema chini kumekuwa laini mno, akiingia anazama hadi karibu na goti. Nilikuwa kwenye kikao cha kata, nikamjibu haraka haraka: "Mwaga mchanga juu ya tope, utapata sakafu ngumu." Nikakata simu, nikaendelea na kikao.

Akafanya kama nilivyomwambia. Mwezi wa kwanza kila kitu safi, maji yanapendeza, akanishukuru. Halafu mvua za Novemba zikaanza. Ikanyesha mvua kubwa usiku, baridi na upepo. Alfajiri sato wote wako juu wanatweta, midomo nje. Kufika saa sita mchana anaokota kwa ndoo.

Nilienda siku hiyohiyo. Nikachomeka bomba la plastiki chini, nikachomoa. Juu kulikuwa na mchanga wa kijivu, laini kama unga. Chini yake tope jeusi kama oili chafu ya gari, linanuka yai viza.

Nikamuuliza, "Huu mchanga umeutoa wapi?"

"Kule kwenye makarasha, bwana shamba. Walinipa tipa moja kwa bei ya kutupa."

Nikaishiwa nguvu. Ule ulikuwa marudio, yaani mabaki ya mawe yaliyosagwa na kuoshwa dhahabu.

Kwa hiyo ushauri wangu wa dakika moja ulikuwa na makosa mawili. La kwanza, nilimwambia afukie uchafu badala ya kuutoa. La pili, sikumuuliza mchanga utatoka wapi, na nafahamu kabisa tunaishi ukanda gani. Somo la leo linafuata makosa hayo mawili: kwanza uchafu, kisha sumu. Ni vitu viwili tofauti, na dawa ya kimoja haiponyi kingine.

Chini ya bwawa kuna nini?

Tupige hesabu kidogo. Umelisha kilo 300 za chakula, ukavuna kilo 200 za samaki. Unaona kama ni kilo 100 tu zilizopotea. Sivyo. Chakula ni kikavu, samaki karibu robo tatu ya uzito wake ni maji. Kwenye zile kilo 200 za samaki, ukiondoa maji unabaki na kama kilo 50 tu. Zilizobaki ziko wapi? Sehemu samaki ameitumia kupumua na kuogelea, na sehemu kubwa imekuwa kinyesi na masalia. Ongeza mwani unaokufa, majani, samadi uliyoweka, na udongo unaosombwa na mvua kutoka kwenye kingo. Vyote vinatua chini.

Vijidudu vya chini huvila vitu hivyo, na vinapokula vinatumia oksijeni. Uchafu ukiwa kidogo, oksijeni inatosha, na tope linabaki rangi ya hudhurungi. Uchafu ukizidi, oksijeni ya chini inaisha. Hapo vinashika kazi vijidudu vingine visivyohitaji oksijeni. Hivi ndivyo vinavyotoa ile gesi ya harufu ya yai viza, haidrojeni salfaidi, na kulifanya tope liwe jeusi. Gesi hiyo ni sumu kali kwa samaki hata ikiwa kidogo sana. Pembeni yake kuna amonia, inayotokana na protini iliyooza.

Sasa sikia jambo la muhimu. Ngozi nyembamba ya hudhurungi juu ya tope, hata ikiwa ya milimita chache, ni mlinzi. Gesi ikipanda kutoka chini, ikikutana na ngozi hiyo yenye oksijeni, inageuzwa kuwa kitu kisicho na madhara. Ukimwaga mchanga juu, umemziba mlinzi huyo. Tope halijaondoka, limefungiwa tu bila hewa. Siku likitibuka, linatoka lote kwa pamoja na kunyonya oksijeni yote ya maji.

Tatizo hili si la kwetu peke yetu. Kuna watu nchi za nje wanafuga samaki wa mapambo wa maji chumvi kwenye matangi ya vioo sebuleni. Nao mchanga wa chini ukikaa miaka bila kutunzwa hujaa uchafu, na mtu akiuchimbua kwa pupa anaweza kuua samaki wote kwa siku moja. Tangi la lita mia tatu au bwawa la mita za mraba mia tatu, kanuni ni ileile: sakafu kuukuu haifukiwi, na haichimbuliwi ghafla samaki wakiwa ndani.

Dalili za sakafu iliyochoka

- Samaki wanapanda juu kutweta alfajiri, hasa baada ya mvua kubwa au usiku wa baridi na upepo.
- Mapovu yanatoka chini mahali unapolishia.
- Ukikanyaga, harufu ya yai viza inapanda.
- Samaki wanakula kidogo, wanakua polepole, ingawa chakula ni kizuri.
- Bwawa limepungua kina. Lilikuwa mita moja na nusu, sasa ni mita moja na kidogo.

Wafugaji wa kambale muwe makini zaidi. Kambale ana kiungo cha kupumulia hewa ya juu, kwa hiyo anavumilia maji yasiyo na oksijeni. Ukiona kambale yuko hai usidhani bwawa ni zima. Sato angekuwa ameshakwambia siku nyingi.

Pima kabla hujafanya lolote

Huhitaji mashine. Chukua bomba la plastiki la inchi moja na nusu, urefu wa mita mbili. Lichomeke wima kwenye tope mpaka lifike udongo mgumu, ziba tundu la juu kwa kiganja, chomoa taratibu, kisha sukuma kilichomo kwenye ubao au gunia. Utaona matabaka yote kama keki. Fanya hivyo sehemu tano: mahali pa kulishia, maji yanapoingia, yanapotokea, katikati na kona moja.

Kipimo ninachotumia mimi:

- Tope chini ya sentimeta 5, juu hudhurungi: hali nzuri. Kausha kawaida ukivuna.
- Sentimeta 5 hadi 15, chini jeusi lakini juu bado kuna hudhurungi: punguza chakula sasa, na ukivuna kausha na kulima sakafu.
- Zaidi ya sentimeta 15, au jeusi hadi juu kabisa: usipandikize tena. Ukivuna, tope litoke.

Samaki wakiwa bado ndani

Usiingie kuchota tope. Usiburute wavu sakafuni kutwa nzima. Usiongeze samadi. Na usimwage chokaa kwa kudhani inasafisha maji: chokaa inapandisha pH, na pH ikipanda amonia inazidi kuwa sumu.

Fanya hivi. Simamisha kulisha siku mbili au tatu, ukirudi anza na nusu. Toa maji ya chini, maana ndiyo mabaya, uingize mapya kwa juu yakidondoka na kurusha matone ili yabebe hewa. Kama una pampu, iache irushe maji ya bwawa lenyewe kuanzia saa nane usiku hadi jua litoke, kwa sababu huo ndio muda oksijeni inakuwa chini kabisa. Samaki waliofikia ukubwa wa soko wavue, upunguze msongamano. Waliokufa wazike mbali na maji. Usiwauze, usiwape jirani.

Ukishavuna: pumzisha bwawa

Wazee wetu wa Usukumani wanaijua ngitili. Unafunga eneo la malisho, ng'ombe hawaingii, majani yanajirudia, kiangazi kikali unafungua. Mradi wa HASHI ulioanza Shinyanga mwaka 1986 ulirudisha miti na majani kwa kutumia maarifa hayohayo. Bwawa nalo linahitaji ngitili yake: wiki mbili au tatu kila baada ya mavuno, si zaidi ya hapo. Kiangazi chetu ni zawadi kwa kazi hii, jua lipo la bure.

1. Toa maji yote. Yapeleke kwenye bustani au jaruba la mpunga, usiyaachie mtoni. Mashimo yaliyobaki na maji yamwagie chokaa kidogo au yakaushe kwa ndoo, maana vijisamaki na vimelea hujificha humo.

2. Ondoa tope laini lililozidi. Hii ni kazi, nisikudanganye. Bwawa la mita 20 kwa 15 lenye tope la sentimeta 10 lina mita za ujazo 30, sawa na ndoo 1,500 za lita 20. Ndiyo maana nasema usisubiri miaka mitano. Kama nguvu kazi ni ndogo, anza na mahali pa kulishia na karibu na maji yanapotokea, hapo ndipo limejaa zaidi.

3. Kausha. Wiki moja hadi tatu, mpaka sakafu ipasuke nyufa za kina cha sentimeta 5 hadi 10. Inatosha. Udongo wa luseni, ule wa mchanga, hukauka mapema. Udongo wa mbuga hupasuka sana, kwa hiyo usiuache miezi, nyufa zikifika kwenye kingo utakuja kulia na maji yanayovuja.

4. Lima juu juu. Jembe la mkono, sentimeta 5 hadi 10, ili hewa iingie kwenye tabaka jeusi. Baada ya siku chache utaona jeusi linageuka kijivu, kisha hudhurungi, na harufu inakata. Hiyo ndiyo ishara ya kazi kukamilika. Bwawa la karatasi au la saruji halilimwi, linasuguliwa na kusuuzwa.

5. Pima pH ya udongo ndipo uweke chokaa. Udongo wa mbuga mara nyingi una chokaa yake ya asili, unaweza usihitaji kabisa. Luseni mara nyingi huwa na tindikali. Kama pH iko chini ya 7, weka chokaa ya kilimo kilo 10 hadi 20 kwa kila mita za mraba 100. Kwa bwawa la mita za mraba 300 ni kilo 30 hadi 60. Chokaa ya ujenzi ni kali zaidi, inaunguza ngozi na macho: vaa glavu na miwani, weka sehemu zenye unyevu tu, na usubiri angalau wiki mbili kabla ya kupandikiza.

6. Jaza nusu, subiri wiki moja. Chuja maji kwa wavu wenye matundu madogo. Yakianza ukijani, jaza kamili.

7. Wajaribu kwanza wachache. Weka vifaranga kumi kwenye kizimba kidogo cha chandarua kwa siku mbili. Wakiwa wachangamfu, pandikiza waliobaki. Vifaranga kumi ni hasara ndogo kuliko elfu moja.

Na msimu mpya ukianza, zuia tope tangu mwanzo: lisha kinachoisha ndani ya dakika 15 hadi 20, hamisha mahali pa kulishia kila baada ya wiki chache, na otesha nyasi kwenye kingo ili mvua isishushe udongo.

Tope ulilotoa ni mali, ila kwa masharti

Tope la bwawa safi lina naitrojeni na fosforasi. Lirundike pembeni wiki kadhaa, ligeuze mara mbili tatu likauke na kupoteza harufu, kisha lisambaze shambani. Kwenye luseni ndiko linakofaa zaidi, maana linaongeza na uwezo wa kushika maji. Usilipeleke bichi kwenye miche, litaiunguza.

Masharti ni haya: bwawa liwe safi kweli. Na hapa tunafika kwenye kosa langu la pili.

Ukanda wa dhahabu: uchafu unatibika, zebaki haitibiki

Jua, jembe na chokaa vinatibu uchafu wa kawaida. Zebaki haviigusi.

Wachimbaji wadogo wa Geita, Kahama, Mbogwe, Nyang'hwale na Msalala wametumia zebaki kunasa dhahabu kwa miaka mingi. Sehemu yake hubaki kwenye marudio, na marudio mengine hupelekwa tena kwenye sianidi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mradi wa Umoja wa Mataifa kuhusu zebaki kwenye uchimbaji mdogo ulifanya kazi Rwamgasa, Geita, kwa hiyo si jambo la kufikirika. Mvua ikinyesha, marudio husombwa hadi kwenye vijito, na vijito ndivyo tunavyovuta maji ya bwawa.

Sasa unganisha na lile tope jeusi. Vijidudu vya mahali pasipo na oksijeni, wakiwemo wale wa gesi ya yai viza, ndio wanaoweza kuigeuza zebaki ya kawaida kuwa zebaki ya methili, ambayo ni hatari zaidi. Inaingia kwenye wadudu wa chini, kisha kwenye samaki, na inakaa kwenye nyama yenyewe. Huwezi kuitoa kwa kuchemsha, kukaanga wala kukausha kwa moshi. Samaki anayekula wenzake, kama kambale mkubwa, hukusanya zaidi. Anayeumia zaidi ni mtoto, hasa aliye tumboni, kwa sababu inashambulia ubongo. Mji wa Minamata, Japani, ulijulikana duniani mwaka 1956 kwa ugonjwa huu, na mkataba wa kimataifa wa zebaki wa mwaka 2013 umepewa jina la mji huo. Tanzania ni mwanachama.

Na samaki mwenye zebaki hatweti. Anang'aa, ananenepa, anauzika. Hilo ndilo linalonitisha.

Kwa hiyo kabla hujachimba au kukarabati bwawa, fuata mambo haya bila kujadiliana:

- Tembea kupanda mkondo wa maji yako kwa miguu, mpaka ujue yanapita wapi. Ukikuta makarasha, mwalo wa kuoshea dhahabu au rundo la marudio juu yako, tafuta chanzo kingine cha maji.
- Usigeuze shimo la mgodi kuwa bwawa la samaki. Najua linavutia, gharama ya kuchimba imeshalipwa na mwingine. Liache.
- Usichukue mchanga wa marudio kwa sakafu, kingo wala barabara ya kuingilia bwawani, hata ukipewa bure.
- Ukiwa na shaka, pima tope na samaki. Chukua sampuli kwa kufuata maelekezo ya maabara yenyewe. Ofisi ya Mkemia Mkuu wa Serikali ina ofisi ya Kanda ya Ziwa Mwanza, na ushauri wa ufugaji samaki unapatikana TAFIRI Mwanza na chuo cha FETA Nyegezi. Pitia kwanza kwa afisa uvuvi wa halmashauri yako, akuelekeze.
- Majibu yasipotoka, samaki hawatoki. Wala tope haliendi kwenye bustani ya mchicha.

Yule kijana

Nilikaa naye ukingoni siku ile hadi jua kuzama. Samaki kiasi walikuwa wamebaki hai, na mnunuzi wa sokoni alishampigia. Aliniambia, "Bwana shamba, nina mkopo wa kikundi. Nikiuza hawa waliobaki, angalau narudisha nusu. Nani atajua?"

Nikamjibu, "Mimi nitajua, na wewe utajua. Na dada yako ana mimba, naye anakula kutoka hapahapa."

Hakuuza. Tulichukua sampuli, na majibu yalipokuja hatukurudisha samaki kwenye lile bwawa. Deni tulikwenda kulizungumza na kikundi, mimi nikasimama mbele yao nikasema ushauri wa mchanga ulikuwa wangu. Wakamwongezea muda wa kulipa. Leo ana bwawa dogo zaidi, mita 12 kwa 10, upande mwingine wa kijiji, maji ya kisima. Kila akivuna analikausha, na ile bomba ya plastiki ameitundika ukutani kwenye kibanda cha chakula.

Kazi ya nyumbani wiki hii ni moja: tafuta bomba, ingia bwawani, pima sehemu tano, andika kwenye daftari lako la shamba tarehe na sentimeta. Bwawa lisiloandikwa umri huzeeka bila mwenyewe kujua. Na ukinipigia nikiwa kikaoni, nitakwambia usubiri kikao kiishe ndipo tuongee vizuri.

Tukutane somo lijalo. Kazi njema.